Kiti cha Kushoto

Gari lile lilipoingia uani kwetu, Malvern, Johannesburg, kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kufunga geti. Cha pili kilikuwa kulifungua tena na kuchungulia Jules Street kama kuna aliyeliona. Watu wawili walikuwa wameliona. Nikafunga, nikaongeza mnyororo.

Lilikuwa la Kijerumani, jeusi, refu, na bei yake ingenunua uwanja wetu, nyumba ya mwenye uwanja, na saluni ya jirani pamoja na wateja waliokuwa ndani wakisukwa. Mwenyewe alikuwa Mtanzania wa Dar, mtu wa malori na maghala, anaishi Midrand kwenye zile nyumba zenye lango la askari. Tulimwita Mzee, ingawa alikuwa ndiyo kwanza anatimiza sitini na bado alitembea kama kijana aliyetumwa dukani. Alitaka gari lake liende Ulaya. Lipande meli Durban, lishuke Antwerp, halafu aliendeshe mwenyewe, yeye na mkewe, watoke Ubelgiji, wapite Ufaransa na milima ya Uswisi, mpaka kule chini Italia inakoishia. Siku kumi na mbili.

Nilimuuliza kwa nini asikodi gari hukohuko. Akanitazama kama niliyemshauri akodi mke.

"Dada," akasema, "gari hili nimelifanyia kazi miaka thelathini. Sasa na lenyewe linifanyie mimi siku kumi na mbili."

Mimi nashona viti vya magari. Mume wangu ni fundi umeme wa magari, na uwanja wetu tumeugawa katikati: kwake kuna nyaya na mafuta, kwangu ngozi na sponji, na mpaka kati yetu tumeugombania kuliko nchi nyingi zinavyogombania yao. Yeye ni mtu wa Lubumbashi, mimi wa Tanga. Huniita "bibi", kwa sababu kwao bibi ni mke. Kwetu bibi ni mama wa mama yako. Kwa hiyo nilizeeka siku ya harusi, mbele ya mashahidi, na picha zipo.

Mzee alitaja bei ya kazi yote. Ya kwanza nikacheka. Ya pili nikanyamaza. Ya tatu nikamwita fundi aje aone gari.

Tatizo la Mzee halikuwa gari, lilikuwa upande. Hapa Afrika Kusini, kama kwetu Tanzania, watu wanaendesha kushoto na usukani uko kulia. Ulaya bara wanaendesha kulia. Ukiingia huko na usukani wa kulia, unakaa ukingoni kabisa mwa barabara, juu ya mtaro, na lori lililo mbele yako linakuziba macho. Ukitaka kulipita, lazima utoe nusu ya gari ndani ya njia ya wenzako ndipo ujue kama unapita au unakufa.

Lubumbashi wanaishi hivyo kila siku. Barabara zao ni za kulia, waliachiwa na Wabelgiji, na magari mengi yana usukani wa kulia kwa sababu yametoka Japani kwa njia ya Dar na Durban. Kwa hiyo gari la safari huwa na mtu wa kiti cha kushoto, kazi yake kutazama mbele na kumwambia dereva: bado, bado, sasa. Wanamwita konvuayeri. Kwetu ungesema utingo, lakini utingo anakusanya nauli na kutukana watu. Konvuayeri ameshika roho za watu. Mume wangu aliifanya kazi hiyo miaka sita, barabara ya Kolwezi, kabla hajajifunza umeme. Anasema dereva wake alikuwa hachungulii kabisa. Akisikia "sasa", anapita. Miaka sita, na wote waliopanda gari lile ama wamekufa vitandani mwao ama hawajafa bado.

Mzee aliposikia habari hiyo alikaa kwenye stuli yangu ya kushonea bila kukaribishwa. Mkewe alikuwa ameshakikataa kiti cha kushoto. "Mimi nikiona lori nafumba macho," alikuwa amemwambia, "sasa nitakuonea nini?"

"Fundi," Mzee akasema, "una pasipoti?"

Hivyo ndivyo mume wangu alivyopata safari ya Ulaya, akiwa ameshika spana, na goti moja chini. Barua ya mwaliko ikaandikwa, tiketi zikaonyeshwa, vidole vikachapwa, viza ikatoka. Niliisoma mara mbili, halafu nikaisoma tena kwa kidole.

Yeye hakuwa akiitaka Italia. Alikuwa akiitaka Liège, mwendo wa saa moja na nusu kutoka bandarini. Huko alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, aliyembeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inagonga magoti ya mbebaji. Miaka ishirini na mitatu hawajaonana. Sasa dada yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mwanawe alikuwa ametuandikia kwamba ameanza kupoteza watu: anawaita wauguzi kwa majina ya marehemu. Mzee alikubali kwamba siku ya kwanza watapita Liège kabla ya kwenda kokote. Mume wangu hakushukuru kwa maneno. Alikwenda kufua shati jeupe, akalipiga pasi, akalitundika kwenye msumari juu ya betri mbovu, na hakuna aliyeruhusiwa kulisogelea na mafuta. Ilikuwa imebaki miezi miwili kabla ya safari.

Kazi ya kwanza ilikuwa kulivua gari Johannesburg. Vioo vyake vilibandikwa ile plastiki nyeusi ngumu inayozuia vibaka wa kwenye robot, taa za barabarani za huku, wasivunje kioo na kukuchukulia simu mapajani. Huko Ulaya vioo vya mbele vikiwa vyeusi namna ile, polisi wanakusimamisha. Tuliibandua siku mbili, kwa mvuke na wembe, na gundi yake ilitoka kwa shingo upande kama mpangaji wa Malvern. Jioni hiyo Mzee aliondoka na gari kwenda nalo kwake, akatupigia akiwa amesimama kwenye robot ya Kensington, simu ikisemea ndani ya gari.

"Dada, najisikia kama nimevaa kaptula kanisani."

"Usiache kitu kwenye kiti, mzee."

"Kwenye kiti niko mimi!"

Halafu taa. Taa za huku hutupa mwanga wake kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Ukienda nazo kule unawamulika watu usoni. Mume wangu alizifungua zote mbili, akageuza kishikizo kidogo kilichomo ndani, na usiku ulipoingia akazipima kwenye ukuta wa jirani. Akakagua fyuzi moja moja. Mimi nikafumua kiti cha dereva, nikakiongezea sponji ngumu ya kiunoni, maana mtu wa sitini hawezi kukaa siku kumi na mbili kwa heshima tu. Kiti cha kushoto nikakiinua kwa upana wa vidole viwili. Mume wangu ni mfupi. Nilitaka aone mbali.

Dalili zilikuwepo, nami niliziona zote, ila sikuzijumlisha. Alikanyaga ngozi yangu ya krimu niliyoitandaza kushoto kwake, akaacha unyayo wa grisi, nikamsema mpaka adhuhuri. Aligonga bega kwenye mlango wa bakkie, pikapu ya mteja, uliokuwa wazi mchana kweupe. Nilikuwa namletea chai kwa ubavuni, nasimama nayo, hapokei, mpaka niseme "shika". Nilidhani ni majivuno. Nilijisemea, mwanamume akipata viza, kikombe lazima kitangazwe. Na nani angemshuku? Kilichokuwa mbele ya pua yake alikiona kuliko mimi. Alikuwa anaunga waya mwembamba kama unywele bila miwani.

Wiki ya mwisho kabla gari halijachukuliwa, siku ya Jumapili, Mzee alitupeleka Midrand kwenye maghala yake kufanya mazoezi. Ndani ya ukuta wao kuna barabara binafsi, ndefu, pana, na siku hiyo haikuwa na kitu isipokuwa upepo. Aliita dereva wake mmoja na lori tupu. Lori lilitakiwa liende polepole upande wa kulia, kama tuko Ulaya, sisi tulifuate, mume wangu aseme, Mzee apite. Mimi nilikaa nyuma ya mume wangu. Nilisema nakagua mshono wa kiti. Ukweli ni kwamba miaka kumi na saba nimesimuliwa kazi hiyo na sijawahi kuiona.

Sauti yake ilibadilika. Kwetu uani ana sauti ya kulalamika, sauti ya mtu aliyeibiwa bisibisi. Mle ndani ikawa ya chini, haina haraka, na Mzee akamwita patron, yaani bosi.

"Bado, patron. Bado. Bado. Sasa."

Mzee anatoka kushoto, anapita, anarudi kulia. Mara ya tatu akaanza kucheka. Mara ya saba akaanza kuimba.

"Fundi, wewe ni zaidi ya kioo!"

"Kioo haina mudomo, patron."

Walipita mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nilimwona mtu upande wetu wa kushoto, anatoka kwenye pengo kati ya maghala mawili, akivuta toroli lenye gunia kubwa la chupa na maboksi. Ni mmoja wa wale wanaouzunguka mji mzima wakiokota vya kupeleka kwenye mizani ya wanunuzi wa taka. Askari wa lango humruhusu kuingia Jumapili, sisi hatukujua. Alikuwa amefunga mkanda wa toroli kifuani na kuinamisha kichwa kwa uzito. Nilimwona mapema. Nilijua mume wangu naye anamwona, maana mtu alikuwa upande wake, na kazi ilikuwa yake. Nikawa nahesabu bila kujua kwamba nahesabu. Nilifika tano.

"Sasa," akasema mume wangu.

Nikapiga kelele, "Mtu!" na Mzee akakanyaga breki, lakini gari lilikuwa limeshatoka. Kona ya mbele ya kushoto ililipiga toroli, na kwa kuwa mtu alikuwa amejifunga nalo, toroli likaondoka naye. Gunia likapasuka. Chupa zikabingirika barabara nzima, na kwa muda hapakuwa na sauti nyingine.

Alikuwa mtu mzima kuliko nilivyodhani, mwenye mvi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono hauna kiungo. Alikaa chini, akautazama, akasema "eish", polepole, kama mtu aliyeona bei. Halafu akauliza kwa Kizulu ni nani atakayekusanya vitu vyake. Kizulu changu ni cha sokoni, lakini hilo nililielewa. Nilivikusanya mimi. Kulikuwa na chupa mpaka chini ya lori.

Mzee alimpeleka hospitali mwenyewe, akalipia mkono na wiki zote ambazo hatavuta toroli. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona haulizi bei. Gari lilipata mkwaruzo wa urefu wa kiganja.

Tukiwa bado tumesimama pale, mume wangu alikuwa amesema, "Alitoka wapi huyu?"

"Ametokea kama jini," Mzee akasema. "Wallahi, kama jini."

"Kabisa. Kama jini."

Mimi hakuna aliyeniuliza, na sikusema.

Jumatatu asubuhi, kabla hatujafungua geti, nilimkalisha mume wangu kwenye stuli, nikachukua rili ya uzi mwekundu.

"Tazama pua yangu," nikamwambia.

"Pua yako minaijua."

"Itazame tu. Ukiona uzi, sema."

Nikanyoosha mkono mpaka mwisho, upande wake wa kushoto, nikaanza kuuleta uzi katikati polepole. Macho yake yalikuwa kwenye pua yangu, na uzi unakuja, unakuja, na yeye yuko kimya. Ulipokaribia shavu langu akasema, "Ule."

Kulia vilevile. Nikarudia. Huwa narudia kila kitu. Halafu nikamwita jirani wa saluni, mama wa Bukavu, nikamkalisha stuli ileile. Yeye alisema "ule" mkono wangu ukiwa bado umenyooka wote.

"Maman, huu ni mchezo gani?"

"Wa Tanga."

"Nani ameshinda?"

"Wewe."

Alipokwenda zake, mume wangu hakuinuka.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Myaka mbili. Tatu."

"Miwili au mitatu?"

"Bibi, haikukuja na tarehe."

Akaniambia ni kama kuchungulia kwenye bomba. Kilichomo ndani ya bomba ni safi, hata tundu la sindano analiona. Nje ya bomba si giza. Giza ungeliona, alisema. Nje ya bomba hakuna kitu, na kwa kuwa hakuna kitu, hujui kama kuna kitu.

"Yule mtu wa jana ulimwona?"

"Nilimuona akiwa chini."

Nimeuza na kununua Jules Street miaka kumi na minne. Najua namna mtu anavyozunguka kabla hajafika kwenye bei yake ya mwisho. Yeye hakuzunguka. Alianza na ya mwisho.

"Siku kumi na mbili," akasema. "Nikirudi, unipeleke kliniki yoyote. Hata ya ng'ombe."

"Ni siku kumi na mbili za malori."

"Nitageuza kichwa. Kila mara nitakigeuza, kama feni."

"Na jana mbona hukukigeuza?"

Akafikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya sana, hilo ndilo lililonikalia vibaya.

"Jana nilisahau kama sioni."

Nje watu walikuwa wanagonga geti, mteja mmoja na muuza mayai. Nikamwambia amwambie Mzee mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla Jumatano haijaisha, kwa sababu Alhamisi lori la kubeba magari lingekuja kulichukua. Asipomwambia yeye, nitamwambia mimi.

"Na dada yangu?" akauliza.

Nikaenda kufungua geti.

Jumatano Mzee alikuja na orodha. Tulitandaza kila kitu sakafuni kabla ya kukipakia kwenye buti: pembetatu ya hatari, sanduku la dawa, vizibao vitatu vya kung'aa, balbu za akiba, kibandiko cha herufi za nchi, jeki. Nikahesabu, nikahesabu tena. Mume wangu alimzungusha Mzee gari lote. Mkwaruzo ulikuwa umeondoka. Taa, viti, vioo vyeupe, betri mpya. Alieleza vizuri, hakuharakisha, hakuacha kitu, na nilikuwa nasubiri afike kwenye jambo lenyewe kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.

"Kwa hiyo fundi," Mzee akasema, akifunga buti, "tuko tayari?"

"Tuko tayari, patron."

"Haoni pembeni," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika brashi ya kusafishia ngozi. Nikaeleza. Nilieleza kwa kifupi, kwa sababu nikirefusha ningeanza kupunguza. Nikasema yule mtu wa toroli hakutokea kama jini. Nikasema mimi nilimwona, nikahesabu mpaka tano, na baadaye nilinyamaza kwa ajili ya viza.

Mzee alimtazama mume wangu. "Fundi. Ni kweli?"

"Bibi yangu ni mushonaji," mume wangu akasema. "Si munganga."

"Mimi nakuuliza wewe."

"Minaona muzuri, patron. Uliza hata hizi waya."

Mzee akavuta pumzi. Nadhani alitaka kuamini. Tiketi zilikuwa zimelipwa, na mkewe angefumba macho mpaka Italia. Akatoa ufunguo mfukoni, akamnyooshea, vilevile alivyomnyooshea kila siku akileta gari. "Haya. Liingize ndani basi, tutazungumza." Alikuwa amesimama ubavuni kwake, kushoto. Mume wangu alikuwa ananitazama mimi, kwa hasira, macho makavu. Ufunguo ukabaki hewani. Haukuwa mbali. Ungeweza kumgusa sikio.

Mzee akaushusha mkono taratibu na kuurudisha mfukoni pamoja na ufunguo, na mume wangu bado hakujua kwamba kuna kilichotokea. Alijua alipoiona sura yangu.

Mzee si mtu mbaya. Alikaa kwenye sponji zangu, akafikiri, akasema, "Twende hivyohivyo. Utakaa nyuma na mke wangu. Mbele atakaa mpwa wangu, nitamtafutia viza. Liège tutapita kama tulivyopanga."

"Konvuayeri haikalake nyuma," mume wangu akasema.

"Acha hayo, fundi. Dada yako..."

"Dada yangu aliniacha nikiwa mutu wa mbele."

Nilijadiliana naye siku tatu. Nimewahi kumshusha bei Mlebanoni wa vipuri mpaka akaomba maji. Nimepata ngozi ya kiti kizima kwa bei ya mkono wa kiti. Kwa mume wangu sikupata hata inchi. Nilimwambia aende hata kama ni kwenye buti. Nilimwambia dada hatauliza alikaa kiti gani. Alikuwa anasikiliza, anamaliza chai, anarudi kwenye nyaya zake. Lori lilikuja Alhamisi likachukua gari. Viza ilikuwa bado ndani ya pasipoti, nzima, na siku zake zikaanza kupita moja moja.

Kliniki alikubali kwenda, labda ili asinisikie tena. Daktari alikuwa binti wa kama miaka thelathini, akapuliza hewa kwenye macho, akamweka kwenye mashine, akamwonyesha karatasi yenye madoa meusi kuzunguka kijitundu cheupe. Ni presha ya macho, alisema. Mshipa umekufa kwa pembeni, na uliokufa haufufuki. Kuna matone ya kulinda kilichobaki, asubuhi na jioni, maisha yote. Akauliza kwa nini hatukuja mapema. Mume wangu akanitazama, nami nikatazama ile karatasi.

Tangu hapo alinisemesha kwa neno moja moja. "Fyuzi." "Chai." "Geti." Matone namtilia mimi, kwa sababu mwenyewe anayakosa, na wakati huo anafungua macho yote mawili kunielekea.

Simu ya Mzee ilikuja wiki kadhaa baadaye, asubuhi moja tukiwa kazini, simu ya picha. Tulijua kwamba wamefika, sikutegemea atapiga. Akasema yuko Liège, kwenye nyumba ya wazee, na mpwa wa mume wangu, yule aliyetuandikia, ndiye aliyewafungulia. Akasema, "Fundi, subiri, nakupa dada yako." Nikampelekea mume wangu simu palepale alipokuwa, chini ya dashibodi ya bakkie. Akatoka, akafuta mikono, akaishika simu mbele ya uso kwa mikono miwili, akiisogeza kidogo huku, kidogo kule, mpaka akampata.

Mimi nilisimama nyuma ya bega lake. Mama mmoja mdogo sana wa umbo, amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Hakuwa anaitazama simu. Alikuwa anamtazama Mzee.

"Umekuja," alikuwa anamwambia Mzee. Akamwita kwa jina la utotoni la mume wangu, ambalo hata mimi nimeruhusiwa kulitumia mara mbili tu. "Niliwaambia batu ya hapa utakuja. Banacheka. Umenenepa."

"Mama, mimi siye," Mzee akasema. "Mwenyewe yuko hapa, kwenye simu. Mtazame."

"Tosha hiyo kintu." Mkono wake ukaisukuma simu, tukaona dari, tukaona taa. "Ikala hapa. Umekula?"

"Fundi," sauti ya Mzee ikaja, picha ikiwa bado dari. "Fundi, samahani. Nimwambie nini?"

Mume wangu aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Mwambie ndiyo," akasema. "Mwambie ni wewe. Ni mimi. Mwambie nimekula."

"Fundi..."

"Mwambie, patron."

Halafu tukamsikia Mzee, mtu wa malori na maghala, anasema kwa Kiswahili chake cha Dar, "Ndiyo, dada. Nimekuja. Nimekula." Na mama yule akaanza kucheka, kicheko chembamba, kirefu. Simu ikakatika au ikakatwa.

Mume wangu aliiweka juu ya meza yangu ya kushonea. Nilidhani atanirudia kwa yale ya Jumatano, na nilikuwa nimejiandaa.

"Nimeona sura tu," akasema. "Alivaa nini?"

Nikamwambia. Kitenge cha bluu, sweta ya kijivu juu yake, blanketi magotini. Dirisha nyuma, mvua inanyesha. Soksi nene, viatu hana.

"Na mikono?"

"Ameshika mkono wa Mzee. Kwa mikono yake yote miwili."

Akaguna. Alirudi kwenye bakkie, akapiga goti, akaanza kupapasa sakafuni.

"Bisibisi," akasema. "Ile ndogo."

Ilikuwa kushoto kwake, karibu na goti. Nikainama, nikampa.